Walowezi wa Appalachia: Tunasimuliwa Miguu, Tunafichwa Karatasi

Mwaka 1818, majani yakiwa yanapukutika, John Oliver na mkewe Lurena walishuka kwenye bonde moja lililozungukwa na milima mashariki mwa Tennessee, Marekani. Msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita na ghala hawakuwa nalo. Baridi ilipokaza, njaa nayo ikabisha hodi. Waliowaokoa ni Wacherokee, wenyeji wa asili waliokuwa bado wakiishi humo: waliwaletea boga lililokaushwa, na kwa boga hilo wakavuka majira ya theluji. Leo bonde hilo linaitwa Cades Cove, liko katika kaunti ya Blount, na karibu kila andiko kuhusu mahali pale litakwambia kuwa akina Oliver ndio walowezi wa kwanza wa kudumu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tusemavyo. Pale mgeni alikuja, akapona yeye. Wenyeji walikuwa na jina lao la bonde, Tsiyahi, yaani mahali pa fisi-maji. Februari 1819, kabla hata akina Oliver hawajavuna chochote, mkataba wa Calhoun ulitiwa saini na bonde likatoka mikononi mwa Wacherokee. Kwa maneno mengine, siku lile boga lilipotolewa, aliyelitoa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba kisheria, na aliyelipokea alikuwa amejipenyeza. Kufikia 1850 bonde lilikuwa na walowezi 685.

Nimesoma historia nyingi za kaunti za milima ile, na mwendo wake ni ule ule. Zinaanza na miguu. Fulani alitoka Virginia, akavuka mto, akakata miti, akajenga nyumba ya magogo, akazaa watoto kumi na mmoja. Kisha ukoo unafuatwa kizazi kwa kizazi hadi kwa mwandishi mwenyewe, ambaye mara nyingi ni kitukuu cha huyo huyo aliyevuka mto. Ni masimulizi matamu, na utamu wake siuchukii. Ugomvi wangu ni kwamba miguu haikuamua kitu. Nani abaki, nani aondoke, nani aitwe mwanzilishi na nani asitajwe kabisa, yote hayo yaliamuliwa na karatasi: tangazo la mfalme, mkataba, mchoro wa mpima ardhi, hati, rejista ya vizazi. Na karatasi za aina hiyo hiyo zilizompa babu shamba ndizo zilizokuja kumnyang'anya mjukuu.

Appalachia ninayoisema ni safu ya milima mikongwe mashariki mwa Marekani. Tume ya serikali iliyoundwa 1965 kushughulikia umaskini wa eneo hilo sasa inahesabu kaunti 423 katika majimbo 13. Mimi nitabaki kusini: Tennessee, Kentucky, North Carolina, Georgia, na zile Virginia mbili. Msomaji wa Kiswahili akiuliza yanamhusu nini, nitamwambia kwamba Knoxville, mji mkubwa ulio miguuni mwa milima hiyo, una familia za Warundi na Wakongomani waliofika kama wakimbizi, na watoto wao hufundishwa historia ya Tennessee darasani kama wengine. Yupo mtoto anayerudi nyumbani na picha ya nyumba ya magogo aliyoichora kwa rangi, akamsimulia mama kwa Kiswahili habari za "watu wa kwanza".

Watu hao wa kwanza walikuwa nani? Wengi waliopanda milima karne ya 18 walikuwa Waprotestanti wa asili ya Scotland waliotoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, pamoja na Wajerumani na Waingereza. Walishuka bandarini Philadelphia na kwingineko, wakafuata njia ya mikokoteni kuelekea kusini kupitia bonde la Shenandoah. Hao wa Ulster babu zao walikuwa wamepandikizwa kule na mfalme wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Waayalandi. Mabwana ardhi walipopandisha kodi, wakahama tena. Walikuwa walowezi mara mbili, na uchungu wa kulimia ardhi ya mtu mwingine waliujua vizuri. Nalisema hili kwa makusudi, maana sisi huku neno "mlowezi" likitajwa tunaona mara moja tajiri mwenye kofia pana na maelfu ya ekari. Wengi wa wale walikuwa na shoka, bunduki, na mke mjamzito.

Wenye maelfu ya ekari walikuwapo, ila hawakupanda mlima.

Oktoba 1763, baada ya vita na Wafaransa, Mfalme George III alitangaza kwamba raia wake wasilowee magharibi ya mgongo wa milima. Huko paachiwe wenyeji. Mwaka 1767 bwana mmoja wa Virginia alimwandikia mpima ardhi wake, William Crawford, akimwambia kwa siri kuwa yeye binafsi analiona tangazo lile kama dawa ya muda tu ya kutuliza nyoyo za Wahindi Wekundu, na kwamba atakayezembea kutafuta ardhi nzuri sasa hataipata tena. Bwana huyo alikuwa George Washington. Baadaye alijipatia zaidi ya ekari 20,000 kando ya mito ya Ohio na Kanawha, sehemu ambayo leo ni West Virginia. Hakuwahi kujenga kibanda huko wala kula boga la kupewa. Robert Morris, tajiri wa Philadelphia aliyegharamia mapinduzi ya Marekani, alilangua ardhi za milimani kwa wingi usiosemeka, hadi akaishia gereza la wadeni mwaka 1798. Kati ya walowezi wa kwanza wanaotajwa kwenye vibao vya kando ya barabara, wengi walilima ardhi ambayo jina la mtu wa mbali lilikuwa limeshakaa juu yake kwenye daftari. Wengine walikuja kujua hilo baada ya miaka ishirini ya jasho.

Kuna kisa cha Watauga ambacho sichoki kukirudia. Mwaka 1772 walowezi wa bonde la mto huo, kaskazini-mashariki mwa Tennessee ya leo, waligundua kwamba wako upande usio wao wa mpaka. Kununua ardhi kwa wenyeji kulikuwa kumekatazwa. Basi wakakodi: wakawalipa Wacherokee bidhaa ili wakae miaka 10. Kaunti za pembe ile hujivunia sana chama cha Watauga, kwamba ndiyo serikali ya kwanza iliyoundwa na walowezi wenyewe ng'ambo ya milima. Ni kweli, waliiunda. Lakini waraka wa msingi wa uhuru huo ulikuwa mkataba wa upangaji.

Miaka mitatu baadaye, Machi 1775, kwenye maji ya kina kifupi ya Sycamore Shoals, mahali palipo mji wa Elizabethton sasa, jaji wa zamani Richard Henderson na wenzake wa Transylvania Company waliwaita wazee wa Cherokee. Walinunua ardhi ikadiriwayo kuwa ekari milioni 20, sehemu kubwa ya Kentucky na kipande cha Tennessee, kwa bidhaa zilizothaminiwa pauni 10,000. Dragging Canoe, mwana wa mzee Attakullakulla, alipinga na kuondoka kwa hasira, kisha akapigana vita karibu maisha yake yote yaliyobaki. Wapangaji wa Watauga walitumia mkusanyiko ule ule kununua pale walipokuwa wamekodi.

Kisha sheria ikasema. Mwaka 1778 bunge la Virginia lilibatilisha ununuzi wa Henderson kwa upande wa Kentucky, kwa hoja kwamba mtu binafsi hana ruhusa ya kununua ardhi kwa wenyeji. Ukisikia mauzo yamebatilishwa, unategemea mali irudi kwa aliyeiuza. Haikurudi. Virginia iliichukua yenyewe, na Henderson na wenzake wakafutwa machozi kwa ekari 200,000. Sijapata mfano safi kuliko huu wa namna karatasi ilivyofanya kazi kule: ilikuwa batili kwa mnunuzi, halali kwa muuzaji, na tamu kwa serikali.

Aliyetumwa na kampuni ya Henderson kufyeka njia kupitia pengo la Cumberland Gap ni Daniel Boone, yule ambaye sanamu na shule zenye jina lake huwezi kuzihesabu. Boone ndiye miguu yenyewe. Alitembea kuliko wote. Tena alikuwa mpima ardhi, aliyewapimia wengine na kujiandikishia mwenyewe maelfu ya ekari. Tatizo lilikuwa mfumo. Kule hakukuwa na gridi wala namba za viwanja. Mtu alieleza shamba lake kwa kusema: anzia mwaloni mweupe penye kijito, panda hadi mgongo wa kilima, teremka hadi miti miwili iliyotiwa alama ya shoka. Mwaloni ukianguka, mpaka umeanguka. Na ofisi ya ardhi iliendelea kutoa vibali juu ya vibali bila kuangalia kilicho chini, hadi hati za Kentucky zikapandana kama makuti ya paa. Mwenye pesa ya wakili alishinda. Mwenye shoka alihama. Baba yake Abraham Lincoln ni mmoja wa waliohama: aliondoka Kentucky 1816, kwa sehemu kwa sababu ya kesi za hati. Boone naye alipoteza karibu kila kitu. Mwaka 1798 Kentucky iliipa kaunti mpya jina lake kwa heshima; mwaka huo huo kulitolewa amri akamatwe kwa kutoitikia wito wa mahakama katika kesi moja. Mwaka uliofuata akahamia Missouri, iliyokuwa bado chini ya Hispania.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wacherokee walilielewa hilo kuliko majirani zao weupe. Sequoyah alikamilisha mfumo wa maandishi ya Kicherokee mwaka 1821, na ndani ya miaka michache watu wengi walikuwa wanasoma lugha yao. Mwaka 1827 waliandika katiba. Mwaka 1828 wakaanza kuchapa gazeti, Cherokee Phoenix, huko New Echota, kwa lugha mbili. Walikuwa na mahakama, mashamba, sheria zilizoandikwa. Mwaka 1832 wakapata hata hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, iliyosema sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi yao. Daftari walikuwa nalo, tena lililonyooka.

Georgia ikajibu kwa kuchora kaunti. Desemba 1832, mwaka wa hukumu hiyo hiyo, iligawa nchi ya Wacherokee kuwa kaunti 10, zikiwamo Lumpkin, Gilmer, Union na Murray, na ardhi yake ikagawiwa raia weupe kwa bahati nasibu: viwanja vya ekari 160 vya kilimo, na vya ekari 40 kule kulikodhaniwa kuna dhahabu, maana dhahabu ilikuwa imeonekana pande za Dahlonega miaka mitatu hivi kabla. Tikiti ya mtu ilichotwa pipani, akatoka na shamba lenye nyumba ya mtu mwingine na miti ya matunda iliyokwisha zaa. Wenyewe walitolewa kwa mtutu wa bunduki 1838. Kati ya watu wapatao 16,000 waliosukumwa hadi Oklahoma ya leo, wanakadiriwa kufa 4,000. Hivyo kwa miaka sita kaunti hizo zilikuwapo, zina majina na maofisa, huku wenye nchi wakiwa bado ndani yake wanapika. Historia ya kaunti inayoanza 1832 haidanganyi kuhusu tarehe. Inadanganya kuhusu neno "kuanzishwa".

Kuna na waliovuka milima kwa miguu ambayo haikuwa yao wenyewe. Masimulizi ya zamani hupenda kusema utumwa haukupanda mlima, kwamba kule palikuwa na wakulima huru na maskini. Kwenye viwanda vya chumvi vya bonde la Kanawha, yale yale maji Washington aliyojipimia ardhi, watumwa ndio walioteka maji ya chumvi, wakachimba makaa na kuchochea matanuru. Hesabu ya watu ya 1850 iliandika zaidi ya watumwa 3,000 katika kaunti ya Kanawha. Niseme "iliandika" kwa tahadhari: orodha za watumwa za 1850 na 1860 zilitaja umri, jinsia na rangi, na karibu kila mahali jina la mmiliki tu. Mjukuu wa mtu huyo akienda leo kutafuta mlowezi wake wa kwanza atakuta mstari: mwanamume, 24, mweusi.

Wakati mwingine jina lipo, na ni baya zaidi. Mwaka 1861, kwenye shamba moja la Virginia, chini ya milima ya Blue Ridge, mwenye mali alifariki na mali yake ikaorodheshwa. Humo kuna mvulana Booker, dola 400. Baada ya uhuru mama yake alivuka milima na watoto wake hadi Malden, huko huko Kanawha, na mvulana akaingia kazi ya chumvi. Herufi za kwanza alizozitambua zilikuwa namba: 18, iliyopigwa kwenye mapipa ya baba yake wa kambo. Huyo ndiye Booker T. Washington. Kwa kipimo cha vitabu vya kaunti, familia iliyofika na kufanya kazi pale 1865 ilistahili sura nzima, lakini mtoto alianza kusoma kwa namba ya pipa la mtu mwingine.

Kizazi kimoja baadaye, kijana Carter G. Woodson alichimba makaa ya mawe katika kaunti ya Fayette, West Virginia. Jioni aliwasomea magazeti wachimbaji weusi wasiojua kusoma, wakongwe waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, nao wakamlipa kwa kumsimulia. Mwaka 1926 Woodson alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, iliyokuja kuwa mwezi mzima. Nikiulizwa mwanahistoria mkubwa wa Appalachia ni nani, namtaja yeye, ingawa wenyewe hawamweki kwenye orodha hiyo. Mbegu ya kazi yake ilipandwa kwenye nyumba ya mchimba makaa, mahali ambapo daftari la kaunti halikuwa na ukurasa.

Halafu kuna Wamelungeon, na hapa msomaji wa lugha ya Kibantu atege sikio. Ni jamii iliyokaa tangu zamani kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, hasa Newman's Ridge katika kaunti ya Hancock. Rangi yao haikueleweka vizuri kwa majirani, nao kwa muda mrefu walijieleza kuwa ni Wareno. Walikuwa na sababu: kuanzia katiba ya Tennessee ya 1834, mtu huru mwenye damu ya Kiafrika alipoteza haki ya kupiga kura, na Mreno hakuipoteza. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2012 ulionyesha koo kadhaa za msingi zikitoka kwa wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara na wanawake wa Ulaya. Jina lenyewe wapo wanaolitoa kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya mchanganyiko. Wapo wanaolitoa kwenye malungo, neno la Angola walilotumia watumwa wa Brazili kumwita mtu mliyesafirishwa naye merikebu moja. Sina ushahidi wa kumaliza ubishi huo. Nakiri tu kwamba neno la pili linanigusa, na huenda ndiyo sababu ya kulitilia shaka.

Hao nao walikutwa na karatasi. Virginia ilipitisha sheria ya usafi wa rangi mwaka 1924, na msajili wa vizazi na vifo, Walter Plecker, akaifanya kazi yake ya maisha. Mwaka 1943 aliwapelekea maofisa wa kaunti orodha ya majina ya koo, kaunti kwa kaunti, za watu wasioruhusiwa kuandikwa weupe. Fikiria familia iliyokaa kwenye mlima ule miaka 150, wenye makaburi ya babu wa babu, wanabadilishiwa asili kwa barua kutoka Richmond, makao makuu ya jimbo.

Sasa, ile picha ya Appalachia kama kisiwa cha Waingereza wa kale waliosahauliwa na dunia ilitoka wapi? Sehemu yake ina mwenyewe. William Goodell Frost, mkuu wa chuo cha Berea huko Kentucky, aliandika makala mashuhuri mwaka 1899 akiwaita watu wa milimani "mababu zetu tunaoishi nao zama moja": damu safi, lugha ya kale, magogo na magurudumu ya kusokotea. Berea kilikuwa kimeasisiwa 1855 na John Fee, mpinga utumwa, na baada ya vita kilisomesha weusi na weupe bega kwa bega. Frost alihitaji fedha za wafadhili wa kaskazini, na mlima mweupe, maskini na usio na doa uliwavutia wafadhili kuliko darasa la mchanganyiko. Mwaka 1904 Kentucky ikaharamisha shule za mchanganyiko, Berea ikapinga hadi Mahakama Kuu, ikashindwa 1908, na weusi wakatafutiwa chuo kingine. Picha ikabaki na mlima.

Na ni picha isiyosimama hata ukiigusa kidogo. Hao "waliotengwa na dunia" walikuwa wakiuza ngozi za paa zilizofika Ulaya kupitia Charleston. Walichimba mizizi ya jinsengi, na mizizi hiyo ikafika China. Meli ya kwanza ya Marekani kwenda Canton, mwaka 1784, ilibeba shehena kubwa yake. Boone mwenyewe alifanya biashara hiyo na mashua yake ikapinduka mtoni. Hata banjo, kinanda kinachowakilisha mlima mweupe kwenye kila bango la utalii, kililetwa kutoka Afrika kwa kumbukumbu za watumwa.

Vitabu vikubwa vya historia za kaunti vilivyochapwa kwa wingi miaka ya 1880 viliikaza picha hiyo kwa njia rahisi: aliyelipia nakala mapema alipata wasifu wake ndani. Kwa hiyo ukihesabu "koo za kale" za kaunti fulani humo, kwa sehemu unahesabu waliokuwa na fedha mwaka kitabu kilipochapwa.

Mtu wa huko atanijibu, na nimeshasikia jibu hili: babu yangu hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na mikono yake, unamwonea. Simwonei. Namwambia asome mbele kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 reli zilipoanza kuusogelea mlima, wanunuzi wa madini, maarufu wao akiwa John C. C. Mayo, walipita nyumba hadi nyumba mashariki mwa Kentucky. Hawakuomba shamba. Waliomba kilicho chini ya shamba, mara nyingi kwa senti hamsini au dola chache kwa ekari, na wakulima wengi walitia alama ya X. Hati ile ilimpa mnunuzi haki ya kutoa madini kwa njia yoyote atakayoona inafaa, na kumwondolea lawama ya uharibifu. Mzee alidhani anauza shimo na punda wa kuvuta makaa. Nusu karne baadaye zikaja katapila zinazobomoa kilima kizima kutoka juu, na mwaka 1956 mahakama ya juu ya Kentucky ikasema hati inaruhusu hata hivyo. Novemba 1965, katika kaunti ya Knott, mjane Ollie Combs alilala mbele ya katapila juu ya nyumba yake. Maofisa walimbeba juu juu, akala chakula cha sikukuu ya Shukrani gerezani, na picha yake ikazunguka nchi nzima. Ilichukua hadi 1988 wapiga kura kubadilisha katiba ya jimbo, kwa zaidi ya asilimia 80.

Uchunguzi wa umiliki uliofanywa na wananchi na watafiti katika kaunti 80 za majimbo 6, ukatolewa 1981, ulikuta zaidi ya nusu ya ardhi imeshikwa na makampuni, serikali, wamiliki wa mbali na wenyeji wachache mno. Ukiiweka ramani hiyo juu ya ile ya walanguzi wa miaka ya 1790, hutashangaa sana. Kizazi cha mwenye shoka kilikuwa kimelipitia kwa mkono wa mahakama kile ambacho mwenye boga alilipitia kwa mkono wa mkataba, ingawa hakikusukumwa hadi Oklahoma, na tofauti hiyo si ndogo.

Huko Cades Cove nako. Miaka ya 1920 wakubwa wa Knoxville na serikali za majimbo walitaka hifadhi ya taifa. Wakazi walihakikishiwa kwanza kwamba mashamba yao hayataguswa. Baadaye sheria ikatoa nguvu ya kuyatwaa kwa lazima. Kitukuu cha yule Oliver wa 1818, John W. Oliver, alipambana mahakamani miaka kadhaa, akashindwa, akaondoka 1937. Hifadhi iliyochukua bonde ilivunja nyumba za mbao za kisasa, zile zilizopakwa rangi na zenye vibaraza, ikaziacha za magogo. Mtalii anayezunguka kwa gari leo anaona bonde la 1850 hivi, kana kwamba watu walilima, wakajenga makanisa, kisha wakayeyuka. Wajukuu walitolewa ili babu yao apendeze.

Upande wa pili wa milima hiyo, katika kaunti ya Swain, North Carolina, kuna kichuguu cha udongo kilichosawazishwa na majembe ya plau kwa vizazi vingi. Ni Kituwah, mji mama wa Wacherokee; wao wenyewe hujiita watu wa Kituwah. Baadhi yao hawakuondoka 1838, wengine walijificha milimani, na wazao wao ndio kabila la Cherokee wa Mashariki. Kwa miaka mingi uwanja ule uliitwa kwa jina la ukoo wa wakulima waliokuwa wakiulima, na kuna wakati ndege ndogo zilitua juu yake. Mwaka 1996 kabila lilipata nafasi ya kuurudisha, ekari 309. Hakuna mkataba uliofufuliwa wala hukumu ya 1832 iliyotajwa. Walitoa pesa, wakaununua kama mnunuzi mwingine yeyote.